Anayemfuga Fisi

Siku ya kuniaga, vijana wa idara walinizawadia saa kubwa ya ukutani. Nimeshukuru. Mtu ambaye hana tena pa kuwahi anahitaji sana kujua amechelewa kiasi gani. Soda zilipokwisha, na mkubwa mmoja alipomaliza kunisifu huku akilisoma jina langu kwenye karatasi, binti aliyeajiriwa juzi juzi, anayeitwa Neema, alinisogelea. "Shikamoo mzee. Tuandikie basi hata kurasa chache, tujue ninyi mlikuwa mnafanyaje kazi." Nikamwambia marahaba, na kwamba tulikuwa tunafanya kazi kwa miguu. Akacheka. Alidhani ni utani.

Haya, Neema, kurasa zenyewe ndizo hizi. Vyeo sitavitaja, vilikuja vyenyewe kama mvi. Mshahara nao mnaujua, kwa hiyo tusiharibu siku. Nitawasimulia habari za fisi, kwa sababu nimeona kwenye mipango yenu mmeandika mambo mengi kuhusu "uelewa wa jamii" na fisi hamkumtaja hata kwa bahati mbaya.

Nilitoka chuoni nikiwa nimesoma tembo, simba na twiga, nikapangiwa Shinyanga. Ndani ya basi nilikaa dirishani, nikatazama nje kwa bidii ili mnyama wa kwanza asinipite. Nikaona ng'ombe. Nikaona ng'ombe wengine. Nikaona mbuzi, nikafurahi kwa sababu angalau yalikuwa mabadiliko. Huku afisa wa wanyamapori huitwa bwana nyama, na wiki yangu ya kwanza akina mama walikuja ofisini na sufuria kuuliza nyama inagawiwa siku gani. Niliwaeleza kwamba kazi yangu ni kuhakikisha nyama inabaki hai porini. Walinisikiliza kwa heshima, wakaondoka wakimhurumia mama aliyenizaa.

Aliyenipokea kazini alikuwa Mzee Lubinza, askari wa wanyamapori, mrefu, mkavu, mwenye kofia iliyonizidi umri. Alinikabidhi vifaa vyote vya idara kwa mkupuo mmoja, maana vilikuwa vinaenea mkononi: bunduki iliyokuwa ikikwama kila ilipohitajika, tochi isiyo na betri, na kijiti kilichochongwa ncha. Nikauliza kijiti cha nini. "Cha kusomea," akasema, akanipeleka nje ya mji, akachuchumaa mbele ya kinyesi cheupe kama chaki. Kinyesi cha fisi huwa hivyo kikikauka, kwa sababu ya mifupa anayokula. Mzee Lubinza akakivunja kwa kijiti, akachambua taratibu kama anayechagua mchele.

"Huyu kala mbuzi," akasema. Akachambua tena. "Na kiatu."

Kijiti kile nilikaa nacho mpaka nilipostaafu. Bunduki zilikuja na kuondoka, magari yalikuja na kukosa mafuta, kijiti hakikuniangusha. Sisemi kwamba mzee alijua kila kitu. Mpaka anaingia kaburini aliamini fisi ni dume mwaka huu na jike mwaka ujao, na kila nilipombishia aliniuliza kama nimewahi kumuuliza fisi mwenyewe.

Siku moja nilimuuliza miti ya Shinyanga imekwenda wapi. Akanieleza kwamba zamani, wakati wa wazazi wake, watu waliambiwa wakate miti ili mbung'o wafe, maana mbung'o walikuwa wanawamaliza ng'ombe. Lilikuwa wazo zuri. Mbung'o waliondoka kweli. Ng'ombe wakaongezeka, wakala majani yote. Kuni zikaadimika, akina mama wakaanza kupikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, yale yale yaliyokuwa yanakwenda kurutubisha shamba. Shamba likakosa mbolea, mtama ukawa mfupi. Na moshi wa mavi, kama hujawahi kukaa nao jikoni, unachoma macho mpaka yanakuwa mekundu moja kwa moja.

Hapo ndipo watu werevu walipogundua mambo mawili kwa mpigo: kwamba mavuno yamepungua, na kwamba kijijini kuna vikongwe wenye macho mekundu, ambayo huku ndiyo alama ya mchawi. Nimekuwa na dhihaka kuhusu mambo mengi katika kazi hii, lakini hapa sina. Nimesimama kwenye mazishi ya bibi aliyekatwa mapanga kwa sababu alipikia alichokipata. Nililia mbele ya watu nikiwa na sare ya serikali, na sijutii.

Kwa haki niseme pia kwamba vijiji vingi vilizinduka, vikafunga malisho yao kwa desturi ya ngitili, eneo linalopumzishwa ng'ombe wasiingie, na miti ikarudi. Lakini vijiji vingine vilifunga malisho kwenye taarifa tu. Huko niliendelea na kijiti changu.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Geita. Niliambiwa nakwenda kwenye misitu, na kweli nilikuta misitu, ikiwa imebebwa mabegani mwa watu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hushusha shimo ambalo wao huliita duara, na duara haliendi chini bila magogo ya kulizuia lisiporomoke. Magogo hayo ndiyo matimba. Kila palipotokea tetesi za dhahabu, msitu ulishuka ardhini ukiwa umesimama wima, mti kwa mti. Kazi yangu ilikuwa kuuzuia. Nilikuwa na pikipiki moja na mlio mzuri wa kuwatahadharisha watu kwamba nakuja.

Kijana mmoja nilimkamata kwa sababu pikipiki ilikuwa imeharibika. Alikuwa na gogo begani, jasho linamtiririka, akanisalimia kwa Kisukuma kabla sijasema neno. Aliitwa Masanja, alitoka kijiji kimoja kule Shinyanga, kusini mwa Samuye. Jina la kijiji nalihifadhi, wajukuu wa watu wale bado wanatafuta wachumba.

"Bwana nyama, nisamehe," akasema. "Bila matimba ardhi inatukalia. Huu msitu ndio umetushikilia."

Nimehudhuria semina nyingi za mazingira, zenye chai ya saa nne na chakula cha mchana, na sijasikia mtu akieleza jambo hili vizuri kuliko yule mwizi wa mti. Nilimwachia gogo, nikamwambia asinionyeshe tena sura yake msituni. Hakunionyesha. Alianza kutuma wenzake.

Niliporudi Shinyanga nilikuwa nimekaribia kustaafu, na Mzee Lubinza alikuwa ameshafariki. Ndipo mkuu wangu wa idara aliponipigia simu. Fisi wanamaliza mbuzi katika kijiji kimoja kusini mwa Samuye, wananchi wanalalamika, diwani hampi usingizi. "Nenda kaue mmoja, wengine watashika adabu," akasema. Mkuu wangu alikuwa na shahada mbili.

Kwa ninyi mliotoka mbali lazima nieleze. Usukumani fisi hahesabiwi kama mnyama wa porini tu. Fisi ana mwenyewe. Mchawi ndiye anayemfuga, humvalisha shanga kiunoni, humpanda na kusafiri naye. Ukimuua, mwenyewe atakurudia. Kwa hiyo hakuna mwananchi mwenye akili timamu atakayemrushia fisi hata jiwe, na kwa idara yetu isiyo na mafuta, hiyo ndiyo sheria ya uhifadhi iliyofanya kazi kuliko zote. Anayeweza kumpiga ni serikali, kwa sababu serikali haina mwili wa kurogwa.

Lakini desturi hiyo ina sehemu ya pili. Inaaminika fisi akiumia, mwenyewe naye huumia hapo hapo alipo. Fisi akivunjika mguu, asubuhi yake kijiji kizima kinaangalia nani anachechemea.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la pamba. Msemaji alikuwa Shija, mchinjaji wa ng'ombe na katibu wa sungusungu, ulinzi wa jadi wa pale kijijini. Alikuwa mcheshi, mwenye tumbo la mtu asiyenunua nyama. Alinikaribisha kwa soda, akaeleza hasara ya mbuzi, kisha akasogea karibu.

"Bwana nyama, sisi hatumtaji mtu. Wewe piga tu. Ikiwezekana, mguu wa kushoto."

"Kwa nini wa kushoto?"

"Basi tu."

Nikatazama watu. Pembeni kabisa alikuwa amekaa mwanamke mzee, khanga kichwani, macho mekundu, goti la kushoto limevimba. Kati ya watu wote waliojaa pale, hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama. Walikuwa wanajitahidi sana wasimtazame. Nikaelewa kwamba sikuitwa kuua fisi. Nikifyatua risasi moja, siku hiyo hiyo yule mama amekwisha, na serikali ndiyo itakuwa imetoa ushahidi.

Nilimfuata nyumbani kwake, mwisho wa kijiji, karibu na korongo. Alikuwa anapuliza moto wa mavi ya ng'ombe chini ya chungu.

"Mwadila mayu," nikamsalimia, yaani mama, habari za mchana.

"Mwadila. Umekuja kuniua, ng'wanawane?" Alisema mwanangu kwa upole, kama anayeuliza kama nitakula.

"Nimekuja kumuua fisi, mama."

"Si ni yale yale."

Niliketi. Akaniambia goti limemsumbua tangu alipoanguka na ndoo ya maji. Akaniambia fisi wanapita uani kwake kila siku giza likiingia, kama watu wanaokwenda mnadani, hata hodi hawapigi. Nikamuuliza ana watoto. Akasema ana mmoja, Masanja, yuko Geita kwenye dhahabu, amesema atarudi akipata. Nilikohoa, nikaomba maji.

Asubuhi nilifuata nyayo. Zilitoka vilimani, zikapita uani kwa Mama Masanja, zikashuka kwenye korongo lililo nyuma ya nyumba yake, ambako watu hawaendi kwa sababu ni njia ya fisi. Nilichokikuta huko sitakieleza kwa sababu huenda mnasoma baada ya kula. Vichwa vya ng'ombe, kwato, mbavu, matumbo, rundo juu ya rundo. Shija alikuwa ananunua mnadani ng'ombe waliokonda kwa kiangazi, anawachinja pale juu, nyama inapanda lori kwenda kulisha wachimbaji wa dhahabu, na kinachobaki anakimwaga korongoni. Fisi hawakuwa wanakwenda kwa Mama Masanja. Walikuwa wanakwenda hotelini, na nyumba yake ilikuwa njiani.

Jambo moja lilinisumbua. Shija alikuwa mchinjaji kwa miaka mingi, mbona zamani hapakuwa hivi? Nikaangalia juu. Mbingu ilikuwa tupu. Mahali penye mizoga yote ile hapakuwa na tumbusi hata mmoja. Nilirudi kuuliza, na baada ya kuzungushwa sana mtu mmoja akaniambia. Mwaka wa jana yake, kwa kuwa fisi hauawi kwa mkono, mtu asiyejulikana alimpaka mbuzi aliyekufa dawa ya wadudu wa pamba, akamwacha korongoni. Dawa haina mkono, hivyo hakuna atakayerudiwa na mchawi. Lilikuwa wazo zuri. Tumbusi walikuja kwanza, kama kawaida yao, wakafa wote. Mbwa wa kijiji wakaja, wakafa. Fisi walichelewa siku hiyo. Walipofika mbuzi alikuwa ameisha, na waliporudi baadaye wakakuta mifupa yote ya Shija inawasubiri, bila mshindani angani wala ardhini.

Nilitoa kijiti. Kwenye kinyesi cheupe cha pili tu nikakuta kipande cha hereni ya ng'ombe, ile ya plastiki ya njano wanayovishwa sikioni. Mbuzi wa kijiji hawavai hereni. Nilifurahi kama mtoto. Niliitisha watu mbele ya ghala la pamba, nikasimama na kijiti changu na hereni yangu, nikaeleza kila kitu: miti, mavi, moshi, macho, tumbusi, mifupa. Nilieleza vizuri mno. Mzee Lubinza angetoka kaburini kunipigia makofi.

Shija alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mnaona?" akawaambia watu. "Kumbe mwenyewe anawalisha fisi wake ng'ombe wangu."

Nikawaambia basi, ushahidi tuuache, tuchimbe shimo refu tufukie mifupa. Hakuna aliyekubali kuigusa. Mali ya mchawi haiguswi. Wakanikumbusha kwa adabu kwamba wanasubiri risasi, na kwamba vijana wao uvumilivu umewaishia. Nilijua maana ya vijana na maana ya uvumilivu.

Nilimpigia simu mkuu wangu, nikamwambia mnyama amehama, namfuatilia kuelekea Geita. Akanisifu kwa kujituma. Geita nilimtafuta Masanja kwenye machimbo, nikamkuta anatoka kwenye duara, mweupe kwa vumbi. Alipotambua ni mimi alitaka kukimbia.

"Sijakata mti, bwana nyama! Haya matimba nimeyanunua!"

"Sikufuata matimba. Mama yako wanamwita mwenye fisi."

Akakaa chini. Mtu wa kwetu akiambiwa hivyo hahitaji maelezo. Kisha akasimama, akaita wenzake wawili, wakafunga sululu, mitaimbo, kamba na mzigo wa matimba, tukaondoka.

Walichagua mahali kando ya korongo, wakaanza kushusha duara, kwa sababu ndilo shimo pekee wanalojua kuchimba. Wakaliwekea matimba vizuri kabisa. Watu wakaanza kukusanyika. Wakauliza mnachimba nini. Masanja akasema ukweli: shimo la mifupa. Hakuna aliyeamini, na siwalaumu sana. Nani anatoka Geita na sululu kuja kutafuta mifupa? Na Mwadui kwenye almasi si mbali. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na hakika kwamba bwana nyama hakuja kwa ajili ya fisi hata siku ya kwanza, alikuja kupima mawe, na kijiti kile ni kipimo.

Neema, nimeendesha kampeni za mazingira zenye fulana na kofia, watu wakaja wanne, watatu wakiwa wa kamati. Pale walikuja wote, na majembe yao. Uchawi ulisahauliwa saa ile ile. Masanja akawaambia, kwa uso mkavu, kwamba hapachimbiki vizuri mpaka korongo lisafishwe, na mifupa yote ilibebwa kwa mikono, ikatupwa ndani ya duara, na Shija mwenyewe alibeba vichwa vyake huku akiuliza hisa zitagawanywaje. Tulipofika kwenye mwamba na hakuna kilichong'aa, wakasikitika, wakaniita mwongo, wakatawanyika. Masanja akafunika mdomo wa shimo kwa magogo, akaacha mlango wa Shija kuendelea kutupia mifupa.

Nyayo zilipungua, kisha zikakoma. Nilitembea vilimani na kijiti, nikaona kinyesi chenye manyoya ya sungura na mbegu za matunda. Walikuwa wamerudi kwenye maisha yao ya shida. Nilirudi kijijini nikiwa na furaha, na nakiri nilikuwa nimeandaa hotuba fupi.

Nikamkuta Masanja anafunga mizigo ya mama yake.

"Wamesemaje?" nikauliza.

"Wanasema mtoto kaja, kamwambia mama yake awaondoe fisi, na kawaondoa. Kama si wake, mbona wamemtii?"

Sijawahi kukasirika hivyo katika kazi yangu yote. Nilitaka kurudi mbele ya ghala la pamba niwatukane mmoja mmoja kwa majina ya baba zao. Mama Masanja alinizuia. Alikuwa amepakata chungu chake, amekaa juu ya gunia, akisubiri lori. "Waache, ng'wanawane," akasema. "Nikibaki watasema hata mbu ni wangu."

Lori lilimchukua. Lilikuwa lori la nyama ya Shija, kwa sababu hakukuwa na jingine.

Mengine mnaweza kuyakisia. Kijiji kisicho na kuni hakiwezi kuacha magogo makavu yamelala bure juu ya shimo. Yakaenda jikoni, kwanza ya juu, halafu ya ndani yaliyoshikilia kuta. Mvua moja ikaliporomosha duara lote. Shija akarudi kumwaga mifupa korongoni. Na fisi, ambao hawana chuki na mtu, wakarudi kwa Shija.

Zilikuwa zimebaki wiki chache nistaafu Shija alipokuja ofisini kwangu. Tumbo lilikuwa limepungua. Alivua kofia mlangoni, akanipa shikamoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bwana nyama, tumekaa, tumeona yule mama tulimkosea."

Niliguswa. Nilisimama kabisa, nikanyoosha mkono.

"Tunaomba umwambie arudi," akaendelea. "Aje awachukue fisi wake."

Nikakaa. Nikamwambia atoke. Hakutoka. Alisimama akizungusha kofia yake vidoleni.

"Ile nyumba yake ya korongoni ilikuwa wazi," akasema mwishowe. "Ni karibu na machinjio. Nilimhamishia mama yangu awe anawapikia vijana."

"Enhe."

"Fisi wanapita hapo hapo uani." Akatazama chini. "Na watu wameacha kumtazama, bwana nyama. Kwenye mkutano. Kisimani. Hakuna anayemtazama."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyaandaa tangu siku ya lori. Niliyaacha yote, kwa sababu mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa anaogopa kwa ajili ya mama yake, kama Masanja alivyoogopa kwa ajili ya wake, na woga wa aina hiyo hauna sura ya kuchekwa.

Safari yangu ya mwisho ya kikazi ikawa ya kupeleka ujumbe huo Geita. Nilimkuta Mama Masanja nje ya chumba cha mwanawe, amekaa mbele ya jiko la mkaa. Macho yalikuwa meupe. Yalikuwa macho mazuri tu ya mwanamke mzee. Nilitazama mkaa, nikajua umetoka msitu gani, nikajua ukiisha huo ataanza tena kupikia nini.

Nilimpa ujumbe kama ulivyo. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mwambie fisi nimewaachia wao. Wagawane."

Nikamwambia kuhusu nyumba, na nani anakaa humo sasa. Kicheko kikaisha. Alikoroga chungu muda mrefu.

"Anapikia nini?"

"Mavi ya ng'ombe, mama."

"Macho?"

"Mekundu."

Alifunika chungu. Alikuwa na haki ya kusema lolote, na mimi ningelibeba nikalifikishe bila kupunguza.

"Mwambie achimbe," akasema. "Asimngoje mwanangu. Achimbe leo."

Nilipita kijijini nikirudi, nikamwambia Shija maneno hayo hayo, wala sikuongeza langu. Siku ya pili diwani alinipigia simu, akitaka kujua kama idara imetoa kibali cha kuchimba madini kijijini, maana Shija yuko kando ya korongo tangu alfajiri, ndani ya shimo mpaka mabegani, peke yake. Nikamuuliza watu wanasemaje.

"Watu wanapita tu, wanatazama kando," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kuna dhahabu."